Mawe Mekundu Kwenye Shamba la Bibi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya sahihi. Joyce, wakala wa viza pale Kihonda, amesema sahihi zangu hazifanani. Ya kwenye pasipoti ina mkia, ya kwenye fomu haina, na ya kwenye mkataba ni kama kuku amekanyaga wino akakimbia. "Baba, wale wa kule wataona ni watu watatu. Nenda nyumbani ukafanye mazoezi." Basi nimejaza kurasa mbili nzima, Abdulmajid, Abdulmajid, kama mtoto aliyepewa adhabu, mpaka mkia umenyooka. Kurasa zilizobaki ni nyingi na mimi situpi kitu. Nitaandika habari za masika hii, maana huenda ikawa ya mwisho kunikuta hapa juu ya Mlali.

Naondoka. Naenda kisiwa cha Morisi kwa binti yangu Raya, kuishi kama mstaafu. Nilimuuliza Joyce, nastaafu nini mimi? Darasa la nne nilitoroka, na tangu hapo mwajiri wangu ni jembe, hajawahi kunipa hata barua ya onyo. Akacheka. Akasema hawaulizi ulifanya kazi gani. Wanataka mzee mwenye afya, mwenye tabia njema, na mwenye kipato kinachoingia benki kila mwezi bila kutegemea mvua.

Kipato hicho tumekipata. Kuna bwana mmoja anataka kuweka mahema ya watalii mgongoni mwa mlima, mahali watakapoamka asubuhi waone bonde lote hadi Mzumbe. Atalipa kodi kila mwezi kuanzia Julai, na Raya atajazia pengo. Joyce akaitazama hati ya shamba, akanitazama mimi. "Baba, hili shamba ni lako kweli?"

"Si unaona jina?"

"Jina naliona. Nakuuliza wewe."

"La nani tena, mwanangu?" Nikasaini. Na mkia nikaweka.

Leo ni funga ya pili. Chakula nimekifunga, mdomo umenishinda.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimefunga. Sahihi nusu ukurasa.


Jumapili, 9 Machi

Mwanahawa ameleta futari: uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi. Nikamwahi mlangoni kabla hajafungua kinywa. "Shikamoo, bibi!"

"Mjomba! Acha, utanitia laana."

"Si nimesalimia tu? Anayenilisha ni mkubwa wangu."

"Basi marahaba, mjukuu wangu. Kula, halafu ukalale mapema." Anajua kunirudishia. Nimemfundisha mwenyewe tangu hana meno.

Akakaa akanisimulia mambo ya shamba la Bibi Tatu. Mahindi yametoka vizuri, maharage amepanda katikati, na kule chini kwenye chemchemi magimbi yamejaa mpaka hayana pa kuweka majani. Anasema mwaka huu atavuna, auze, aezeke ile nyumba yake bati. Mimi nikawa natafuna.

Niandike jambo hili lilivyo, kwa kuwa hapa hakuna anayenitazama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba lile alilifyeka Bibi Tatu, mama wa mama yangu. Likaenda kwa mama, likaenda kwa dada yangu Pili, sasa analima Mwanahawa, binti wa Pili, na kesho watalima binti zake. Mimi mjomba ni mlinzi. Ugomvi ukitokea naamua, mtu akifa naongea, harusi ikiwapo nachekesha. Raya niliyemzaa mwenyewe ni wa ukoo wa mama yake. Pale kwa Bibi Tatu hana hata mgomba mmoja.

Walipokuja watu wa kuandika hati za kimila, karatasi ilitaka jina. Ukoo wote ukasema kwa sauti moja, mwandikeni mjomba, ndiye mlinzi wetu. Dada Pili akasema, "Ni jina la karatasi tu." Tukacheka, tukanywa chai.

Magimbi yalikuwa matamu sana. Nimekula mpaka nikakwangua bakuli.


Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa mjini kupiga picha za viza. Mpiga picha kanikataza kucheka, nikamwambia basi umempiga picha mtu mwingine. Kurudi nikamkuta Mwanahawa amekaa kwenye kizingiti changu, tope mpaka magotini.

"Mjomba, twende shamba. Twende sasa hivi."

Nikasingizia magoti. Akanishika mkono. Tukapanda, mvua inanyunyiza, mpaka juu. Katikati ya mahindi yake wamechimbia mawe ya mipaka, yamepakwa rangi nyekundu, moja huku, jingine kule, hadi chini kwenye chemchemi. Palipochimbwa wameng'oa mahindi, na miche ilikuwa imelala pembeni, mizizi juu.

"Nani kafanya hivi?" ananiuliza mimi.

Nikainama nikaligusa jiwe. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikanishika kidoleni. "Ajabu," nikasema. "Ajabu kubwa hii." Nikatikisa kichwa kama watu wanavyotikisa msibani. Kumbe uongo una mazoezi yake kama sahihi, ukiurudia unanyooka.

Mwanahawa akaanza kuichimbia upya ile miche. Mmoja mmoja. "Itashika tu," anasema. "Mjomba, wewe upo. Hawawezi kutufanya kitu na wewe upo."

Kidole nimekisugua kwa majivu. Wekundu haujatoka wote.


Jumamosi, 15 Machi

Sikwenda kufuturu kwa watu. Nimekula muhogo wangu wa jana.


Jumatano, 19 Machi

Maneno yamepata miguu. Wapimaji wawili walionekana wakipandishwa mlimani kwa bodaboda, na bodaboda yenyewe ni ya Yunusi, mume wa Mwanahawa.

Yunusi ni mtu wa Gairo. Alikuja Mlali kuuza karanga, akamwona Mwanahawa, hakurudi. Mimi humwita Gunia la Karanga, naye hucheka. Ndiye alinipandia bati langu lilipovuja, ndiye hunipeleka zahanati mgongo ukikaza. Lakini anaishi kwenye ardhi ya mke, na kwetu mume wa namna hiyo hata akae miaka ishirini bado ni mgeni. Likipotea jembe, macho ya kwanza huenda kwake.

Leo msikitini, baada ya tarawehe, mtu kanong'ona nyuma yangu: "Yule wa Gairo kauza shamba la wenyewe." Mwingine akasema, "Mjomba wao yupo, atalimaliza." Nikarekebisha kofia yangu.

Yunusi amejitetea kwamba walikuwa abiria kama abiria wengine, walimsimamisha stendi ya Mlali, akawapandisha, wakamlipa nauli. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi najua ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu wapimaji walitumwa na bwana wa mahema kwa mkataba wenye sahihi yangu.


Jumatatu, 31 Machi. Idi

Pilau nyumba kwa nyumba. Yunusi alipita na sinia, kama kila mwaka. Watu wamepokea kwa mkono mmoja wakaweka chini bila kuonja. Mimi nimekula mbele ya watu, nikasifia, nikasema, "Huyu kaweka karanga kwenye pilau, mfungeni!" Wakacheka kidogo. Nilijisikia mwema sana kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Halafu nikamwona anavyonitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja, kama dereva anavyomngojea abiria aliyesahau kitu ndani.


Jumanne, 8 Aprili

Raya kapiga simu ya picha. Mwanawe, Amani, sasa anasema "Babu, njoo," Kiswahili chote anachojua ndicho hicho, na anakisema huku anailamba simu. Nyuma yao dirisha, ukuta mweupe, jua. Sijawahi kumbeba mtoto yule. Mama yake Raya alifariki, Raya akaenda kutafuta kazi za hoteli, akaolewa huko, mimi nikabaki kuwa mjomba wa watu.

"Baba, ukoo umekubali kweli habari ya shamba?"

"Wamekubali wote."

"Hata shangazi Pili?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

"Alhamdulillahi," akasema mwanangu. Simu ikakatika yenyewe, mtandao wa mlimani. Niliyashukuru mawingu.


Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Barabara imemomonyoka pale kwenye kona ya mianzi.


Jumapili, 20 Aprili

Nilipaswa kuandika tangu Ijumaa, nikashindwa.

Joyce alitaka niende polisi nikachukue cheti cha tabia njema. Mtu haendi Morisi bila serikali yake kusema kwamba ana tabia njema. Nilipoambiwa nilicheka mwenyewe barabarani hadi mama mmoja wa mboga akaniuliza kama naumwa.

Aliyenipeleka ni Yunusi. Nilimtafuta mwingine, wote walisema njia ni tope, hawashuki. Yunusi akaja bila kuitwa, kasikia kwa mkewe. Nilimwambia naenda mjini kupimwa macho. Tukashuka. Pale kwenye kona ya mianzi pikipiki ikakataa, ikawa inacheza kama samaki. Akanishusha, akaivusha mwenyewe, akarudi, akachuchumaa mbele yangu. "Panda mjomba."

"Nipande wapi, mimi mtoto?"

"Panda. Ukianguka hapa Mwanahawa ataniuliza mimi."

Akanibeba mgongoni. Tope lilimfika kwenye mashavu ya miguu, na mimi huko juu nashika mabega yake nikiwa na bahasha ya viza tumboni, ndani ya shati. Ilikuwa inatugusa wote wawili, lakini yeye aliihisi kama bahasha tu.

Katikati ya lile tope akasimama. Nilidhani amechoka. Akasema bila kugeuka, "Mjomba, wewe sema neno moja tu. Watu wanakusikiliza. Neno moja, haya mambo yanaisha."

Nikamjibu, "Neno gani? Karanga?"

Hakucheka. Alitembea mpaka ng'ambo akaniweka chini taratibu, kama mtu anavyoweka mayai.

Mjini nikachovya vidole kwenye wino, kimoja kimoja, vyote kumi. Yule afande kijana akasema, "Mzee wangu, huna hata kosa moja." Nikamwambia, "Tafuta vizuri." Akaona nafanya utani.

Kurudi nilimpa Yunusi nauli, akaikataa. Akauliza macho yanaonaje. Nikasema yanaona vizuri.


Jumapili, 27 Aprili

Leo ni kikao cha ukoo. Naandika haya jua halijazama, herufi zinapanda na kushuka, sahihi ya leo Joyce angeikataa.

Tulikaa uani kwa dada Pili, kwenye mikeka, mvua ilikuwa imetupa nafasi. Dada Pili ana macho ya mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini anajua nani kakaa wapi kwa kumsikia akikohoa. Mwanahawa alikaa upande wa wanawake, kanga kichwani. Yunusi alikaa peke yake karibu na mlango wa banda la mbuzi. Mkeka ulikuwepo, hakuna aliyemkaribisha.

Wakasema waliyokuwa nayo. Kwamba mgeni ni mgeni. Kwamba aliwaleta wapimaji. Kwamba Gairo ni kavu na watu wa huko wanapenda chemchemi. Yunusi akasimama akasema yake yaleyale: niliwabeba, sikuwatuma. Kijana mmoja wa ukoo akamwambia, "Basi tuambie nani kawatuma, wewe si ulikuwa nao?"

Yunusi akanyamaza. Akainamisha macho. Watu wakaona hiyo ndiyo kukiri.

Dada Pili akasema, "Abdulmajid. Wewe ni mlinzi. Sema."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku nimejiambia, kesho nasema, liwalo na liwe, viza ipasuke. Nikawatazama wote, wananitazama na zile nyuso zao ninazozijua, nyuso zinazongoja kuchekeshwa, maana miaka yote nikisimama mimi watu hushika mbavu kabla sijaanza. Nikasema:

"Jamani, mnamsumbua bure mtu wa watu. Shamba nimeuza mimi. Nakwenda Morisi kulala kwenye kitanda cha springi, mtu wa kuniletea chai awe mzungu."

Uani pote pakalipuka. Wanawake walipigana mapajani. Yule kijana aliangukia mwenzake. Hata Mwanahawa aliyekuwa analia alicheka katikati ya machozi, akajifunika kwa kanga. Dada Pili akasema, "Kaa chini, Majidi. Leo si siku ya utani wako."

Nikakaa.

Hapa ndipo niandike kweli, la sivyo niache kuandika kabisa. Nilijua watacheka. Lile neno ningeweza kulisema kwa sauti nyingine, ninayo, ile ninayoswalia. Nikachagua hii. Walipocheka nilisikia raha, nikajiambia moyoni, basi, nimesema, wao ndio hawakusikia.

Mtu mmoja tu hakucheka. Yunusi aliinua macho akanitazama, na safari hii hakuwa anangoja tena.

Wakaamua arudi kwao Gairo mpaka jambo lijulikane. Mwanahawa akasema, "Mjomba, wakataze." Nikasema, "Ndivyo ukoo ulivyoamua." Sauti hii haikuchekesha mtu.


Jumatatu, 28 Aprili

Yunusi kaondoka. Pikipiki kaiacha, eti Mwanahawa aikodishe apate ya watoto. Kapita hapa kwangu na begi, kasimama nje kwenye mvua. Nilikuwa ndani. Nilimwona kwenye ufa wa dirisha. Hakubisha hodi na mimi sikukohoa.


Ijumaa, 2 Mei

Mvua.


Jumapili, 4 Mei

Mvua. Mwanahawa hajaja.


Jumapili, 11 Mei

Amekuja. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba," hivyo tu, kwa kuchoka, akaweka bakuli la mboga, akaondoka. Nilibaki nimesimama kama mtoto aliyeachwa mnadani.


Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekata. Milima imejitokeza yote, mpaka unaona mti mmoja mmoja. Nimepanda kwa Bibi Tatu bila kumwambia mtu. Mahindi yamekomaa, maharage yameanza kukauka kwenye maganda. Mwanahawa alikuwa anavuna peke yake, bintiye mdogo kamfunga mgongoni. Lile jiwe jekundu la katikati amelizungushia maharage, limefunikwa, ungedhani halipo.

Nilisimama nyuma ya mgomba. Zamani ningetoka nimruke, "Paa!" Nimeshuka polepole.

Ile miche aliyoichimbia upya siku ile imezaa. Mifupi kuliko mingine lakini ina mahindi.


Jumanne, 3 Juni

Viza imetoka.

Nilikuwa ninamngojea Joyce awe mwizi. Niseme hivyo. Miezi yote hii nimekuwa nikiomba kimoyomoyo ofisi yake ifungwe, simu yake isipatikane, watu wa Kihonda waniambie yule dada alihama usiku. Ningelia hadharani, ningeibiwa pamoja na watu, ningeomboleza vizuri sana. Lakini Joyce kafanya kila alichosema, siku alizosema. Amenikabidhi pasipoti kwa mikono miwili. Akaninunulia soda.

"Hongera baba. Mbona hufurahi?"

Nikamuuliza, mtu wa mahema akiniacha, au mimi nikimwacha, inakuwaje?

Aliacha kutabasamu. "Mkataba unasema kabla ya Julai kila mmoja anaweza kujitoa kwa barua. Lakini kipato kikikosekana, na mimi inabidi niwaarifu. Viza inafutwa. Na tukiomba tena hawatatuelewa." Akasogeza kiti. "Shamba ni la nani, baba?"

"La mpwa wangu. La mama yake. La bibi yake."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili."

Nikaomba karatasi. Yeye akachapa barua ya kujitoa, fupi, nami nikatia sahihi. Imetoka safi, mkia umekaa mahali pake, ndiyo sahihi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Joyce akaipiga muhuri. Nikamrudishia pasipoti akaiangalie mara ya mwisho, akanirudishia mimi, akasema, "Hii ni yako, baba, kaa nayo." Soda sikuimaliza.


Jumatano, 4 Juni

Raya. Sitaandika yote. Nilimwambia siji tena, nikadhani mtandao umekatika, nikasema "halo, halo." Akasema, "Nipo, baba." Akasema chumba alikuwa ameshakipaka rangi. Akasema, "Uliniambia shangazi Pili alikuwa wa kwanza kukubali. Nikampigia kumshukuru, baba, hakupokea, nikasema labda kazeeka." Halafu akampa simu Amani kwa kuwa mwenyewe alikuwa analia. Mtoto akasema, "Babu, njoo."


Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa Mwanahawa asubuhi, alikuwa anapiga maharage uani kwa fimbo, makapi yanaruka. Dada Pili alikuwa kivulini anachambua. Nikasema, "Shamba nilikodisha mimi. Wale wapimaji ni wangu."

Mwanahawa akatabasamu kidogo, bila kuacha kupiga. "Mjomba, leo sina nguvu ya kucheka."

Nikatoa pasipoti, nikafungua penye viza, nikaiweka juu ya maharage. Nikaweka na nakala ya barua. Nikasema tena, kwa ile sauti ninayoswalia.

Fimbo ikasimama hewani. Alizisoma zote mbili. Anasoma vizuri, amefika kidato cha nne. Akasoma mara ya pili. Dada Pili akauliza, "Nini? Kuna nini?" Hakuna aliyemjibu, lakini yule anasikia hata usiposema. Akaweka ungo chini.

"Siku ile uani," Mwanahawa akasema. "Ulisema. Na mimi nikacheka."

"Ulicheka kwa sababu nilitaka ucheke."

"Nilicheka, mjomba. Mume wangu amekaa pale kwenye banda la mbuzi, na mimi nacheka." Akaupangusa uso kwa mkono wenye vumbi la maharage. Nilitaka anipige na ile fimbo. Nilimtazama mkononi, nikatamani. Hakunipiga. Akaokota pasipoti, akaipukuta makapi, akanirudishia.

Dada Pili ndiye aliyesema. "Ukoo nitauita mimi, Jumapili, na utakaa mahali alipokaa yeye. Lakini kwanza utakwenda Gairo. Peke yako. Usitume mtu, usipige simu. Na Majidi, ukifika huko usimchekeshe mtu yeyote."


Jumamosi, 7 Juni. Idi ya kuchinja

Nimeondoka baada ya swala, nimepanda basi la Dodoma pale stendi ya Msamvu. Gairo kuna upepo baridi unaopenya koti. Nyumba ya kina Yunusi ipo nyuma ya soko, nikaelekezwa na watu wawili. Uani karanga zimeanikwa kwenye maturubai, mavuno mapya, na Yunusi kachuchumaa anamenya, beseni katikati ya miguu.

Akaniona. Hakusimama. Hakunipa shikamoo. Tangu amuoe Mwanahawa haijawahi kutokea, hata siku ile ya tope alinipa, hata siku aliyoondoka alisimama nje ya dirisha langu midomo ikitikisika, nadhani ndiyo aliyokuwa anaisema.

Mama yake akaniletea kigoda. Nikakaa. Nikamweleza Yunusi yote, toka Joyce mpaka barua. Ulimi ulileta utani mara mbili, nikaumeza.

Alimenya mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Njiani wale wapimaji waliniuliza, unamjua mzee Abdulmajid, mwenye shamba? Nikasema namjua sana."

Upepo ukapeperusha maganda. "Sasa mbona hukusema? Pale uani walikuuliza nani kawatuma. Ulikuwa na jina mdomoni."

"Ningesema mimi, nani angeamini? Mgeni anamtaja mjomba." Akapasua ganda jingine. "Na wangeamini, Mwanahawa angebaki na nani? Baba hana. Anaye mjomba tu. Nikasema moyoni, ataona haya mwenyewe, atasema. Nikakubeba kwenye tope nikakuomba. Ukaniambia karanga."

Nikaokota ganda lililoangukia mguuni kwangu, nikalirudisha kwenye turubai.

Nikamwomba arudi. Nikamwambia Jumapili ukoo utakaa, nitasema mbele ya wote, na mawe nitayang'oa kwa mikono yangu, Mwanahawa anamngoja. Akalisukuma lile beseni kwa mguu likaja mbele yangu, akavuta gunia likawa pembeni yangu, akaingia ndani.

Nikamenya. Vidole vyangu vimezoea jembe, karanga ni ndogo, kucha ziliuma. Watoto wa nyumba walikuja kunitazama, mmoja akaniuliza, "Babu, wewe ndiye yule mchekeshaji?" Nikamwambia hapana. Jua likahama ukuta kwa ukuta. Walipita wageni wa Idi, wakala nyama ndani, nikasikia vicheko, mimi namenya. Mama yake alipita mara moja akaweka maji ya kunywa karibu nami.

Gunia lilipokaribia kwisha, Yunusi alitoka. Alikuwa amevaa koti la safari, begi begani. Akasimama mbele yangu, akalitazama beseni, akaokota karanga moja nzima niliyokuwa nimeikosa, akaimenya yeye.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Nilifungua kinywa. Nikakaa na ile marahaba mdomoni, sijui kama bado ni haki yangu kuitoa, na yeye amesimama tu na begi lake, anangoja.